Kufufua Honda CG125 ya zamani nyumbani: pima injini kwanza kabla ya kuitupa

Ndugu wa Makambako, umeeleza kwamba umenunua Honda CG125 ya miaka ya 1980 iliyokaa stoo miaka sita bila kuwashwa, kwamba fundi amekushauri uitoe injini yake na kufunga injini mpya ya Kichina, na kwamba ungependa kujua kama unaweza kuifufua mwenyewe nyumbani. Ninajibu kwa urefu kwa sababu mwaka 2017, hapa Uyole, Mbeya, nilipewa ushauri huohuo kuhusu pikipiki ya aina hiyohiyo, na bado ninaiendesha ikiwa na injini yake ya asili. Ushauri wa fundi wako huenda ukawa sahihi mwishoni, lakini umekuja mapema mno, kwa kuwa hakuna mtu aliyeipima injini hiyo.

Yangu niliinunua kwa bwana shamba mstaafu wa Rungwe, ambaye alikuwa ameiegesha kwenye banda la kuhifadhia kahawa. Wenyeji wa Tukuyu wanajua mvua ya kule ilivyo: kila chuma kisichokuwa na oili kilikuwa na kutu, panya walikuwa wametafuna nyaya chini ya kiti, na tanki lilitoa harufu ya vanishi badala ya petroli. Kiki ilishuka kwa uzito mkubwa. Kabla ya kulipa nililinganisha namba ya chesi na namba ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi ya usajili, na ninakuomba ufanye hivyo leo hata kama umeshalipa. Fahamu pia kwamba ukifunga injini nyingine, namba ya injini haitalingana tena na kadi, na utalazimika kufuatilia mabadiliko hayo TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Watu wengi hawaihesabu kazi hiyo wanapoambiwa bei ya injini mpya.

CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, na Honda waliiunda makusudi kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inabeba mizigo mizito, inapita barabara za vumbi na haipati matengenezo ya mara kwa mara. Ndiyo maana valvu zake hazitegemei cheni ya ndani, bali zinasukumwa na fimbo mbili zinazopanda kutoka kwenye kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu, iliyokaa chini. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zilizojaa mitaani zilinakiliwa kutoka kwenye injini hiyo, kwa hiyo ringi (pete za pistoni), gasketi na sahani za klachi si vitu vya kuagiza mbali. Mimi nilivipata Mwanjelwa, hapa Mbeya, ila niliingia dukani nikiwa na kifaa cha zamani mkononi ili kulinganisha, kwa sababu si kila nakala inafanana na ya asili.

Usiipige kiki kwa nguvu sasa hivi. Ringi zilizoshikana na silinda kwa kutu zinaweza kukatika, na vipande vyake vikachora silinda ambayo ingeweza kuokolewa. Fungua plagi, mimina vijiko vitatu au vinne vya dizeli iliyochanganywa na oili, kisha iache siku kadhaa. Mimi niliiacha siku nne. Baada ya hapo niliweka gia ya juu na kulisogeza gurudumu la nyuma kwa mkono mbele na nyuma, taratibu, hadi pistoni ilipoanza kutembea kwa urahisi.

Sasa nije kwenye kipimo ambacho ndicho kitakachokupa jibu. Ukishatoa silinda hedi na silinda, chukua ringi ya juu, iingize ndani ya silinda peke yake, na uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kulala upande. Ipeleke kwanza sehemu ya chini kabisa, ambako ringi hazifiki na chuma hakijalika, upime mwanya wa ncha zake kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ndogo. Kisha ipandishe hadi karibu na juu, chini kidogo ya ukingo, mahali palipolika zaidi, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ukiigawanya kwa 3.14 inakupa ni kiasi gani kipenyo cha silinda kimepanuka. Yangu ilikuwa milimita 0.25 chini na 0.45 juu, tofauti ni 0.20, na ukigawanya unapata takriban milimita 0.06. Silinda hii ni ndogo, kipenyo chake cha asili ni milimita 56.5, na mpanuko ukizidi sehemu moja ya kumi ya milimita inapaswa kupelekwa ikachongwe na kufungwa pistoni kubwa zaidi, ambazo hutengenezwa kwa hatua za milimita 0.25. Yangu ilikuwa haijafika huko. Niliisugua silinda kwa msasa laini wenye oili, kwa mistari inayokatana, nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kikatoka safi, nikafunga ringi mpya. Filageji haina bei kubwa, na bila kifaa hicho nisingejua kama ninahitaji injini au ringi tu. Gharama yangu yote ya injini haikufika nusu ya bei niliyokuwa nimetajiwa ya injini mpya. Unapofunga ringi, hakikisha alama iliyopigwa karibu na ncha inatazama juu, na ncha za ringi zisikae kwenye mstari mmoja.

Ukiwa bado umeifungua, toa kava la upande wa kulia. Injini hii haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya chini, na kwenye ncha ya krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, kuna kikombe kinachozunguka ambacho hutupa uchafu wa oili pembeni na kuushikilia humo. Katika yangu uchafu huo ulikuwa mgumu kama udongo wa mfinyanzi, na niliukwangua kwa kipande cha mti ili nisikwaruze chuma. Inasikitisha kwamba pikipiki nyingi hubadilishiwa oili miaka kumi bila kikombe hiki kufunguliwa hata mara moja, kisha beringi za krenki zikianza kulia lawama zinaangukia oili.

Mengine ya injini nitayataja kwa ufupi. Mwanya wa valvu zote mbili ni milimita 0.08, injini ikiwa ya baridi kabisa na alama ya T kwenye magneti ikiwa mahali pake, valvu zote zikiwa zimefunga. Kama yako bado ina platini (ncha zinazokata umeme ili plagi itoe cheche), mwanya wake ni milimita 0.3 hadi 0.4, zisafishe kwa msasa laini kabla ya kuhukumu koili. Plagi weka mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7.

Kabureta inahitaji maelezo zaidi, hasa kwetu sisi wa nyanda za juu. Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu muda. Muuzaji wa vipuri alinishawishi ninunue kabureta mpya, na ile ya asili nikaiweka pembeni. Pikipiki iliwaka, lakini ikawa nzito kwenye mwinuko, ikitoa moshi mweusi, na plagi ilijaa masizi baada ya safari fupi. Nilihangaika na umeme wiki nzima kabla ya kutambua kwamba tatizo lilikuwa hewa. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama nne ya tano ya ule wa pwani. Kabureta iliyopangwa kwa mahali pa chini inaendelea kutoa petroli ileile wakati hewa imepungua, na mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi hewa. Nilirudi kwenye kabureta ya asili, nikailoweka, nikasafisha vijitundu vyote kwa hewa na uzi wa nailoni, kamwe si kwa waya wa chuma, nikapunguza jeti kubwa, yaani kijitundu kinachopitisha petroli, hatua mbili, na klipu ya sindano ya kabureta nikaipandisha mfuo mmoja ili sindano ishuke na kupunguza petroli. Plagi ikaanza kutoka na rangi ya kahawia hafifu, kama inavyotakiwa. Makambako nako ni juu, kwa hiyo usishangae ukihitaji kufanya vivyo hivyo. Asubuhi za Juni na Julai injini itahitaji choki muda mrefu kidogo. Hiyo ni baridi tu, usibadilishe jeti kwa sababu yake.

Tanki nililisafisha kwa siki, iliyokaa ndani siku mbili pamoja na kokoto ndogo nilizozitikisa kila nilipopita, kisha nikasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, nikalikausha juani, na siku hiyohiyo nikapitisha petroli yenye oili kidogo ili kutu isirudi. Kama tanki lako limetoboka, tafadhali usimruhusu mtu yeyote alichomelee kwa sababu tu halina petroli. Mvuke unaobaki ndani ndio unaolipuka, na watu wameumia vibaya kwa kuamini kwamba tanki tupu ni salama.

Rangi iache hadi mwisho. Fedha ya rangi iende kwanza kwenye breki na matairi, kwa kuwa barabara zetu zinashuka sana. Atakayeteremka Kitonga, au kutoka Isongole kwenda Tukuyu wakati wa mvua, hatasaidiwa na tanki linalong'aa. Fungua habu zote mbili, ondoa vumbi kwa kitambaa chenye maji wala usilipulize kwa mdomo, maana breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Angalia pia tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na tairi la umri huo halifai hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Ikishawaka, kilomita 300 za kwanza usiipakie mzigo wala abiria na usiivute hadi mwisho. Kisha mwaga oili, safisha chujio, kaza nati za silinda hedi na upime valvu upya. Kwa sasa naomba ufungue silinda tu, upime ringi chini na juu kama nilivyoeleza, na uandike hapa namba zote mbili. Nikiziona nitakuambia kama ninakubaliana na fundi wako.