Kabla ya kuchagua gemu, tuulizane kuhusu kusubiri

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji ni gemu gani ya kunyatia, zile za kujificha walinzi wasikuone, ingefaa kugeuzwa filamu, na nani awe steringi. Najua wengi watawatumia jina moja na kuendelea na shughuli zao. Mimi swali hili limenikaa kooni, kwa sababu naandika skripti za filamu fupi hapa Iringa na kila mara nakwama palepale: mtu anapotakiwa kujificha na kungoja, karatasi inabaki tupu. Kwa hiyo mniwie radhi, sitaanza na gemu gani. Nitaanza na kama jambo lenyewe linawezekana.

Msimamo wangu nilipokaa kuandika ulikuwa kwamba haliwezekani, na waliojaribu wameshatuonyesha. Hitman ilitoka mwaka 2000, gemu ya kubadili nguo: unamwondoa mhudumu, unavaa sare yake, unapita mbele ya walinzi taratibu huku moyo unadunda. Filamu yake ya 2007 ikawa ya risasi. Wakarudia mwaka 2015, risasi tena. Assassin's Creed ya 2016, nayo iliyotokana na gemu, aliyoigiza Michael Fassbender, sehemu kubwa sana imekaa ndani ya maabara ya siku hizi, wakati watu walikwenda kuona Hispania ya mwaka 1492 na mtu anayepotelea kwenye umati. Filamu ya Splinter Cell, gemu ya jasusi wa gizani, ilitangazwa, Tom Hardy akatajwa kuwa steringi, ikapita zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2024 mtayarishaji wake akathibitisha kwamba wameachana nayo.

Sababu naijua kwa sababu inanitesa mwenyewe. Kwenye skripti tunakadiria ukurasa mmoja kuwa dakika moja ya filamu. Gemu ya kunyatia inaweza kukuweka chini ya ngazi dakika ishirini, na dakika hizo ndizo gemu yenyewe. Ziandike sasa. Utaandika "Anasubiri", utaweka nukta, na sini imekwisha. Prodyuza akiona hivyo anakuambia ongeza mapigano. Tena hofu ya gemu hizi iko vidoleni. Unaogopa kwa sababu pedi ya kuchezea unayo wewe, ukikosea ni wewe uliyekosea. Mtazamaji wa filamu hana pedi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini sentensi hiyo ya pedi imenikumbusha konda mmoja wa Mbeya, na tangu amenijia sina hakika tena na nilichoandika hapo juu.

Ilikuwa Mwanjelwa, kabla soko halijaungua. Nyuma ya mabanda ya mitumba palikuwa na banda la gemu la mabati, turubai mlangoni, mabenchi na televisheni ndogo yenye mgongo mkubwa. Mwenye banda alikuwa na ubao mweusi na chaki: jina lako, saa uliyoanza, saa ya kumaliza. Mia mbili nusu saa. Kwa bei hiyo kila mtu alicheza Winning Eleven, maana mnachanga wawili na kila dakika mpira unatembea. Metal Gear Solid, ya kunyatia, ilikuwepo, kopi ndani ya nailoni, ila haikuguswa. Tulikuwa tunasema ile "inakula muda". Mtu mwenye mia mbili yake ya kuokoteza hawezi kuilipa ili akajibanze ukutani.

Basi jioni moja ya Julai, mnaijua Mbeya ya Julai, akaingia konda wa daladala za Uyole amefunga hesabu, koti limefungwa mpaka shingoni. Akalipa saa nzima, peke yake, akaomba ile ya nailoni. Sisi tulioishiwa hela tukabaki kwenye mabenchi kuangalia, kwa sharti la kutopiga kelele.

Mwanzo wa gemu ile jamaa, Snake, anatoka majini bila silaha, na kitu cha kwanza anachotakiwa kufanya ni kungoja lifti ishuke huku walinzi wanazunguka. Kitu cha kwanza kabisa! Konda akangoja. Akapanda juu, uwanja wa helikopta, usiku, theluji. Theluji hatukuwahi kuiona, lakini wenzetu wa Makete walishatueleza majani yanavyoganda asubuhi kule Kitulo, kwa hiyo tulielewa upesi alichokigundua konda: anaacha nyayo. Na mlinzi anaziona. Mlinzi alisimama, akashangaa hizi nyayo za nani, akaanza kuzifuata hatua kwa hatua kuelekea kwenye ukuta ambao konda amejibanza nyuma yake.

Bastola hana. Ipo ndani ya lori upande wa pili wa uwanja. Kuna kamera zinageuka huku na huku. Konda hakugusa kitu. Aliishika pedi kifuani, dole gumba limeinuliwa hewani, halibonyezi. Buti za mlinzi zinasikika kwenye spika mbovu. Hapo mwenye banda akasema, "Kaka, kumi zimebaki." Konda hakujibu. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa ananong'ona, "Tulia kaka, tulia, usitoke." Mama muuza karanga aliyekuwa anapita na beseni lake alisimama mlangoni, turubai begani, akauliza kuna nini, hakuna aliyemjibu. Kisha mtoto mmoja akaangusha chupa ya soda. Ikagonga sakafu, na banda zima tukashtuka kana kwamba mlinzi wa ndani ya televisheni amesikia. Konda mwenyewe akageuka na macho makali: "Shii!" Alipotazama tena mbele, mlinzi alikuwa amegeuza mgongo anaondoka. Ilitokea tu hivyo, lakini niulize mimi, mpaka leo mwili unanisisimka.

Akasubiri tena kidogo. Akatoka mbio hadi kwenye lori, akaichukua bastola, watu wakapumua. Mkono wa mwenye banda ulikuwa tayari kwenye swichi. "Muda, kaka." Konda akatoa chenji mfukoni, zile sarafu za kuanzia abiria wa asubuhi, akazihesabu gotini moja moja, akaongeza nusu saa.

Sasa nijibuni. Pedi alikuwa nayo mtu mmoja. Sisi wengine mikono ilikuwa mapajani, na tuliogopa kama yeye. Kwa hiyo hoja yangu ya vidole haisimami, au inasimama kwa mguu mmoja. Kilichotushika ni chaki ya ubaoni. Kila sekunde aliyojibanza pale ilikuwa inamtoka mfukoni, sote tuliijua bei yake, na sote tuliona hana namna zaidi ya kulipa.

Hapo ndipo filamu zile zilipoteleza, naona. Waliiga kofia ya mtu, kisu chake, upara wake na namna anavyoruka, wakaacha bei ya kutulia. Ndani ya ukumbi wa sinema kusubiri ni bure: tiketi umeshalipa, mwenye filamu ndiye anayeamua itakwisha saa ngapi. Mwandishi asipoweka gharama ndani ya sini, mtazamaji anapiga miayo, na ndipo prodyuza anapotaka bomu.

Nimejaribu kwenye skripti niliyonayo mezani. Sini ni ndani ya stoo ya mahindi, Makambako, usiku. Neema amejificha nyuma ya magunia. Kwanza niliandika kwamba anasubiri mlinzi aondoke. Haikuwa na uhai. Sasa nimeandika hivi: nje lori limewashwa, dereva amesema haongezi dakika. Mlinzi anakaa juu ya gunia, anafungua chupa ya chai, anamimina. Anapuliza. Anakunywa. Lori linaunguruma, dereva anakanyaga moto kumwita Neema. Mlinzi anakung'uta kikombe, anakitazama, anamimina cha pili. Neema hajasogea hata inchi, hajasema neno, na ukurasa mzima umejaa. Sijui kama ni sini nzuri, lakini walionisomea walifika kwenye kikombe cha pili wakakasirika na yule mlinzi, na hicho ndicho nilichokitaka.

Na sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa kusubiri kwa namna hiyo. Mnara wa Lugalo, wa kumbukumbu ya vita, uko palepale ukielekea Ilula. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilala vichakani kando ya njia, kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kikipita mbele ya macho yao. Inasimuliwa kuwa ishara ya kuanza ilikuwa mlio wa bunduki, na kabla ya wakati wake afisa mmoja wa Kijerumani akamfyatulia risasi ndege. Vita ikaanzia hapo, na Zelewski hakutoka. Fikiria kulala pale, mkuki chini ya mkono, mpagazi anapita karibu hadi unasikia pumzi yake, na huruhusiwi kukohoa. Akitokea mtu wa kuiandika hiyo vizuri, hayo magemu ya ng'ambo yatasubiri zamu yao.

Lakini mliuliza gemu, nijibu gemu. Mtategemea niseme Metal Gear Solid, baada ya kumsifia konda namna hii, na mwaka 2020 mwigizaji Oscar Isaac alitangazwa kuwa ndiye Snake wa filamu yake, kwa hiyo wapo wanaoitaka. Mimi siipigii kura, na inaniuma. Ile gemu ya 1998 aliyoitengeneza Hideo Kojima uzuri wake mwingi umefungwa kwenye kifaa chenyewe. Kuna mahali unatakiwa umpigie Meryl, mwenzako ndani ya gemu, kwenye redio, na namba yake, 140.15, imechapishwa nyuma ya kasha la CD. Sisi wa kopi za nailoni kasha tulilipata wapi? Namba ilifika Mwanjelwa imeandikwa kwenye kiganja cha mtu aliyetoka Dar. Kuna adui mwingine, Psycho Mantis, anayesoma memori kadi yako na kukutajia gemu ulizocheza, na ili umshinde unachomoa pedi na kuihamishia tundu la pili. Filamu itayafanyia nini hayo? Itayaacha. Ikiyaacha, kinachobaki ni hadithi ndefu ambayo gemu yenyewe ilishatuonyesha kwa video ndefu. Konda wangu atabaki bandani.

Kura yangu naipa Splinter Cell, ile ya kwanza ya 2002, hata kama Hollywood imeshaitupa. Jasusi wake, Sam Fisher, anaishi kwa mwanga na giza, kwenye kioo kuna kipimo kinachokuonyesha unaonekana kiasi gani, na mwanga na giza ndiyo kazi ya mpiga picha wa filamu tangu zamani. Tena kuna misheni ya makao makuu ya CIA ambako anakatazwa kuua mtu yeyote. Mwandishi apewe nini zaidi? Usiku mmoja, jengo moja, watu ambao hatakiwi kuwadhuru, taa moja anayoweza kuizima na nyingine asiyoweza. Nchi za nje zote na mikutano ya marais viachwe.

Steringi simtaji. Mchukueni mtu wa jukwaani, aliyezoea kusimama mbele ya watu bila kufanya kitu na bado wakamtazama. Sura isiwahangaishe, itakuwa gizani.

Nina wasiwasi mmoja ambao sijaumaliza. Filamu ikifika kwenye vibanda umiza vyetu itakuwa na DJ wa kutafsiri, na kazi yake ni kusema. Mwanzoni niliona ataiharibu. Lakini nikimkumbuka jirani yangu wa benchini na "tulia kaka, tulia" yake, pengine DJ anayejua kazi, akinong'ona pale pale penye kunong'onwa, ataiongezea. Pengine. Akianza kutangaza kama mpira, hapana.

Basi iandikeni hivyo: Splinter Cell ya 2002, usiku mmoja, na mlinzi apewe chai. Prodyuza akija kutaka helikopta ilipuke mwishoni, kura yangu ifuteni na muipeleke Lugalo.