Miradi mitatu kando ya kuandika mambo ya pesa, na uliosalia ni mmoja

Ndugu yangu, umesema mchana umeajiriwa, usiku unaandika mambo ya pesa za nyumbani, wasomaji wameanza kujaa, na sasa wataka kufungua vitu vitatu kwa mpigo: daftari la bajeti la kuuza, matangazo ya kampuni za mikopo, na ushauri wa kuwekeza kwa malipo. Viwili vya kwanza nimevifanya vikanitoa jasho. Cha tatu sikukigusa, na sababu nitakupa.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha mjini Mombasa, nalala Likoni, ng'ambo ya feri. Naandika kwenye feri, na baada ya isha watoto wakishalala. Kwa hivyo ninaposema mradi umekula muda, najua ni muda upi.

Daftari kwanza. Novemba nilichapisha madaftari 300 kwa fundi mmoja mjini, shilingi 180 kila moja, nikijua Januari ndiyo msimu wa watu kujuta, watayagombania kwa 350. Jalada la rangi, na kila mwezi una kurasa zake: mshahara juu, chini kodi ya nyumba, chakula, karo, akiba. La kwanza nikampelekea mama mmoja anayekaanga viazi karai karibu na stendi, msomaji wangu tangu siku za mwanzo. Akajifuta unga mikononi kwa leso, akafungua kurasa mbili tatu, akaniangalia.

"Mwanangu, hapa pa mshahara niandike nini? Mimi pesa yangu yaja kila jioni, na alfajiri ishakwenda Kongowea kununua viazi."

Sikuwa na la kumjibu. Daftari lile nilikuwa nimejitengenezea mwenyewe, mtu wa mwisho wa mwezi, ilhali wanaonisoma wengi ni wa vibanda, wa tuktuk, wa cherehani, pesa yao ni ya siku kwa siku. Niliuza 91. Piga hesabu: 54,000 zilitoka, 31,850 zikarudi, na nauli za boda za kuwapelekea watu sijazitia. Masika ilipoingia, joto na unyevu wa kwetu mwaujua, yaliyobaki chini ya kitanda yakaanza kushikana kurasa.

La matangazo sijivunii. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilinipa 200 kwa kila atakayejiunga kupitia kwangu. Wakajiunga 43, nikapata 8,600, nikanunua godoro. Baada ya mwezi na siku, niko barazani na kahawa tungu, mzee mmoja akaniambia mbele ya watu, bila kupandisha sauti: "Wewe si ndiye wawafundisha watu wasikope ovyo? Mbona mwanangu akopa kwa jina lako?" Usiku ule nikaliondoa tangazo. Godoro bado nalilalia, na kila nikijigeuza namkumbuka yule mzee. Kama wewe utachukua, angalau hakikisha kampuni imo kwenye orodha ya Benki Kuu ya Kenya, kwani tangu 2022 watoa mikopo wa kidijitali wanatakiwa wawe na leseni. Ila barazani hakuna atakayekuuliza habari za leseni.

Tena usisahau unaandikia Mombasa. Ukitaja faida ya asilimia kadhaa tu, swali la kwanza litakuwa "hiyo si riba?" Mimi sijibu kama shehe, sina elimu hiyo. Naeleza bidhaa inavyofanya kazi, na kwamba benki za kufuata sharia ya Kiislamu zipo nchini tangu 2008, halafu namwachia mtu na imani yake.

Kilichobaki hai hata sikukipanga. Chama cha kuchangishana pesa cha akina mama wa mtaani kwetu, 22 kwa idadi, kila mmoja mia tano kwa wiki, walikuwa wagombana kila Jumapili: nani kalipa, nani kalipa nusu, nani aliapa katuma na ujumbe kaufuta. Katibu alikuwa akiandika nyuma ya kitabu cha mtoto. Waliniomba niwasaidie kwa kuwa "wewe ni mtu wa pesa". Nikawatengenezea jedwali kwenye simu, jina kwa jina, wiki kwa wiki, nikawa nalilinganisha na taarifa ya M-Pesa ya mweka hazina. Kila Jumamosi usiku nawatumia picha yake kwenye kundi lao. Ugomvi ukapungua, chama jirani wakasikia. Leo nina vyama tisa, wanachama 190, kila mmoja shilingi 50 kwa mwezi. Hiyo ni 9,500 bila kuchapisha hata karatasi moja.

Lakini hapo hapo nilikaribia kuaibika. Wiki moja mweka hazina alisafiri kwenda Lamu kwenye harusi, wakaniomba michango ipitie kwangu. Nikakubali. Nilisahau kwamba laini yangu ilikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, 2,340 pamoja na gharama, na Fuliza ukishakuwa nayo, pesa yoyote inayoingia inakatwa kwanza. Michango minne ya mwanzo ikaenda yote, wa tano ukabakisha 160. Mimi, mwalimu wa bajeti! Nilikopa kwa shemeji usiku ule ule nikazijaza, na Jumapili nikawaeleza wenyewe kabla hawajauliza. Wakacheka hadi mmoja akamwaga chai. Tangu hapo pesa ya chama haigusi namba yangu, hata kwa dakika moja, hata mtu afiwe. Mimi naona taarifa tu. Na mapato yangu ya kazi hii yana laini yake peke yake.

Ushauri wa kuwekeza kwa malipo achana nao mpaka uwe na karatasi. Kumshauri mtu hisa na hati fungani, yaani mkopo unaoipa serikali au kampuni, kama biashara kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kueleza kwa jumla namna hati fungani ya serikali inavyofanya kazi ni sawa. Kumwambia Bi fulani "peleka laki yako hapa" kisha umtoze ni jambo jingine.

Kodi: mauzo yako yakipita milioni moja kwa mwaka utaingia kodi ya mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023. Yangu hayafiki, lakini nayaandika kwenye ritani ya kodi kabla ya Juni 30 pamoja na mshahara. Na isome tena barua yako ya ajira. Yangu ina kifungu cha kumjulisha mwajiri kazi nyingine yoyote. Nilimjulisha, akaniuliza kama naweza kuwasaidia na hesabu za chama cha ofisini.

Basi kwako wewe ningesema daftari liache, matangazo yaache. Tafuta chama kimoja kinachogombana, kaa nao Jumapili tatu bila kutoza. Ukitaka kuona daftari langu lilikuwaje, yapo yasiyoshikana kama sitini hivi. Vuka feri uje uchukue, nakupa bure.