Wasomaji Wanauliza: Ni Mpenzi Wangu, Je, Huo Nao Ni Ubakaji?

Barua tatu za toleo hili zimetoka mikoa tofauti na kwa watu wa rika tofauti, lakini zote zinauliza kuhusu ridhaa kati ya wapenzi au wachumba. Tumeondoa majina na kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha mwandishi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, nina miaka 21. Nina mpenzi tangu mwaka jana na tumewahi kukutana kimwili kwa hiari yangu. Wiki iliyopita nilikwenda chumbani kwake kujisomea, mvua ikanizuia kurudi hosteli, naye akataka tufanye mapenzi. Nilimwambia kwamba leo sitaki. Akacheka, akaendelea. Nilirudia, kisha mwili ukaniganda na nikanyamaza mpaka akamaliza. Sikupiga kelele wala sikumsukuma. Nilipomwambia kwamba ameniumiza alijibu, "Si ulikuja mwenyewe? Mbona siku nyingine hukatai?" Mwenzangu wa chumbani anasema mtu hawezi kubakwa na mpenzi wake. Naomba unieleze lililonipata ni nini, na kama kosa ni langu kwa kunyamaza.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, ulibakwa, na kosa si lako. Nimelitanguliza jibu hili kwa sababu najua utakutana na watu wengi watakaoanza kwa kukuuliza ulivaa nini na ulifuata nini chumbani kwa mwanamume usiku wa mvua.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema katika kifungu cha 130 kwamba mwanamume anabaka anapomwingilia mwanamke asiye mke wake bila ya ridhaa ya mwanamke huyo wakati wa tendo. Kwa hiyo kinachotazamwa ni usiku ule, wala si mwezi uliopita mlipokubaliana. Kukubali kwako kwa siku nyingine kuliishia siku hizo, na kuingia chumbani kwake kusoma kulikuwa ni kuingia chumbani kusoma. Hakuna mahali popote katika kifungu hicho panaposema kwamba mpenzi, hata wa miaka mingi, ana ruhusa ya kudumu. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, ya mwaka 2018, na msomaji wa huko aulize kwa mujibu wa sheria hiyo.

Sasa nije kwenye kunyamaza kwako, kwa kuwa naona ndiko kunakokutesa zaidi. Watu wengi hudhani kwamba anayebakwa hupigana au hupiga mayowe, na kwamba asiyefanya hivyo alikuwa amekubali. Mwili wa binadamu haufanyi kazi hivyo. Hofu inapozidi, hasa inapotoka kwa mtu unayemwamini ambaye hukutarajia akudhuru, misuli inaweza kukakamaa na sauti ikakataa kutoka, na jambo hilo halitokani na uamuzi wa mtu. Watafiti wa Stockholm, Sweden, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, waliwahoji wanawake karibu 300 waliofika katika kliniki ya dharura baada ya kubakwa au kukaribia kubakwa, na asilimia 70 kati yao walieleza kwamba waliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Kuganda kama ulivyoganda ndilo jambo la kawaida zaidi. Tena wewe hukunyamaza tangu mwanzo: ulisema hutaki, ukarudia, na mtu wa kawaida anayesikia Kiswahili alitosha kuelewa.

Watunga sheria wetu walilifahamu hilo mapema kuliko vijiwe vyetu. Kifungu hichohicho cha 130 kinaeleza kwamba si lazima pawepo ushahidi wa kukabiliana, kama majeraha mwilini, ili kuthibitisha kwamba tendo lilifanyika bila ridhaa. Vilevile Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 127, inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika pekee katika makosa ya kujamiiana, endapo itaridhika kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni ule unaotoka kwa aliyetendewa. Kwa hiyo mwenzako wa chumbani, ambaye bila shaka hakukusudia kukuumiza, anasema jambo ambalo sheria ya nchi yake inalikataa.

Kuhusu afya, barua yako imenifikia wakati saa muhimu zimeshapita. Nenda hospitali ukapime VVU, magonjwa mengine ya zinaa na ujauzito, na kipimo cha VVU ukirudie baada ya miezi 3. Msomaji ambaye jambo hili limempata jana au leo asisubiri kuniandikia. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazofahamika kama PEP, huanza kutumiwa ndani ya saa 72, na kila saa inayowahiwa ni faida. Humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, na mwisho wake ni saa 120. Kabla ya kumwona daktari asioge, na nguo alizovaa aziweke bila kuzifua katika bahasha au mfuko wa karatasi, kwani mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ambayo daktari huijaza anapomchunguza mwathirika, hutolewa kituo cha polisi. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mara nyingi utahudumiwa faragha, badala ya kujieleza mbele ya foleni ya walioibiwa simu. Katika baadhi ya hospitali kipo Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hukaa chini ya paa moja.

Kama utashtaki au hutashtaki ni uamuzi wako, na sitakusukuma. Adhabu ya ubakaji haipungui kifungo cha miaka 30, na najua kwamba uzito wa adhabu hiyo huwafunga midomo wasichana wengi ambao bado wanampenda aliyewatendea. Kuchelewa hakuui kesi, lakini hakimu atataka kujua kwa nini ulichelewa na ni nani uliyemweleza kwanza. Kwa hiyo hata kama hujaamua, andika leo tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, na utunze ujumbe wowote aliokutumia baadaye. Uliza kama chuo chako kina dawati la jinsia au mshauri wa wanafunzi. Na chumbani kwake usirudi "kuyazungumza". Mtu aliyecheka uliposema hutaki ameshazungumza.

SWALI: Mama, nina miaka 27 na siwatetei wabakaji. Lakini wasichana wetu hawasemi ndiyo. Ukimwuliza waziwazi anaona unamvunjia heshima. Anasema hapana, ukimbembeleza anakubali, na baadaye anakuambia alikuwa anajivunga tu. Tena umeshatuma nauli, umempeleka kula, ukirudi mikono mitupu wenzako wanakucheka kwamba umeliwa nauli. Sasa mwanamume atajuaje?
Kijana, Mwanza

JIBU: Swali lako ni la haki kuliko wengi watakavyokubali. Ni kweli kwamba tumewalea binti zetu wakatae kwanza, kwa sababu anayekubali upesi huitwa malaya, na tumewalea vijana wetu wasikubali kushindwa, kwa sababu anayeondoka huitwa zoba. Mchezo huo umechezwa muda mrefu. Lakini tazama hasara inaangukia wapi. Msichana akisema hapana huku anataka, nawe ukaamini neno lake, mmekosa usiku mmoja, na kesho atajifunza kusema anachokitaka. Akisema hapana kwa dhati, nawe ukaendelea kwa kudhani anajivunga, yeye ameumizwa na wewe umefungua mlango wa gereza. Mwenye busara huchukua hasara ile ya kwanza.

Kubembeleza si kosa. Kijana anaweza kumsihi mpenzi wake, akamsifia, akamwomba wakae zaidi. Hugeuka kuwa jambo jingine pale unapomziba njia, unapoficha ufunguo, unapomshika mkono asiondoke, unaporudia ombi lilelile mpaka achoke, au unapomtishia kwamba picha zake unazo. Kifungu cha 130 nilichokitaja kinaihesabu kuwa ni ubakaji pia pale ridhaa inapopatikana kwa nguvu au kwa vitisho, na kuzisambaza picha hizo ni kosa jingine chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Aliyelewa hata hajitambui hana ridhaa ya kutoa, na aliyelala vilevile. Aliyekubali kwa sharti la kondomu hakukubali bila kondomu. Sheria yetu haikuitaja kondomu kwa jina, lakini mwenye heshima hahitaji kifungu kwa hilo.

Unauliza utajuaje. Uliza kwa sauti ya chini, kwa maneno ya kawaida: "Unataka?" "Niendelee?" Sijapata kusikia msichana aliyevunjiwa heshima kwa kuulizwa hivyo na mtu aliye tayari kupokea jibu. Kisha mtazame. Anayegeuza uso, anayevuta nguo yake, anayekutajia saa, anayesema kesho ana mtihani au mama yake anampigia, amekwisha kujibu, ila amejibu kwa adabu aliyofundishwa. Akikubali kisha akabadili nia katikati, unaacha.

Na nauli? Ukiona umedhulumiwa, acha kutuma. Wenzako wanaokucheka kijiweni hawatakuja kukuletea chakula rumande.

SWALI: Ndugu mshauri, binti ya marehemu dada yangu ana miaka 20 na ninaishi naye. Mchumba wake ametoa nusu ya mahari, na sasa humlazimisha alale kwake kila anapomwita. Mara ya mwisho alirudi analia. Wazee wanasema tayari ni mke wa mtu na mambo hayo tuyamalize kifamilia. Nifanye nini?
Mama mlezi, Singida

JIBU: Dada yangu, wazee wanakosea, na katika hili usiwasikilize. Mahari pekee haifungi ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuifanya mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa, na iwe imetolewa nusu au yote, mpaka ndoa ifungwe huyo ni mchumba tu. Nakiri kwamba Kanuni ya Adhabu ina pengo kubwa juu ya mke anayeishi na mumewe, kwani kifungu cha ubakaji kinamkinga tu mke aliyetengana na mume, na kwa maoni yangu pengo hilo lilipaswa kuzibwa zamani. Lakini pengo hilo halimhusu binti yako.

Hata wale wanaoegemea mila wakumbushwe kwamba kungwi alimfunda mwari kwa ajili ya maisha na mume baada ya arusi. Sijui mila iliyomkabidhi binti kwa mposaji kwa malipo ya awali.

Kikao cha ukoo kinaweza kusuluhisha ugomvi wa mifugo. Ubakaji ni kosa dhidi ya Jamhuri na hauishi kwa faini ya mbuzi. Leo hii mkalishe binti peke yake, mwulize kilichotokea bila kumkatiza, na mwulize anataka nini. Akiwa tayari, mwende naye hospitali na kwenye Dawati la Jinsia, na uwe wewe unayeongozana naye badala ya mjomba anayemwogopa. Asilazimishwe kwenda tena kwa mwanamume huyo hata kupeleka salamu.

Uchumba ukivunjika, suala la mahari iliyokwisha kutolewa lina njia yake: sheria hiyohiyo ya 1971 inamruhusu aliyetoa zawadi kwa sharti la ndoa, ambayo baadaye haikufungwa, kudai arudishiwe mahakamani. Deni hilo, kama lipo, wadaiwa ni wale waliopokea fedha na ng'ombe, na binti hayumo katika orodha yao.