Mtoto wa kidato cha pili na gemu za bunduki: ninayoyaona bandani kwangu

Dada mleta mada, umesema kijana wako wa miaka 14 amekuwa mkali, anabamiza milango na kumjibu vibaya bibi yake, na unazishuku gemu za bunduki anazocheza, GTA pamoja na Free Fire ya kwenye simu. Mimi nina banda la gemu huku Mbagala. Wa umri wake ndio wateja wangu wakubwa jioni, kwa hiyo nakwambia ninachokiona.

Ngumi bandani kwangu hazianzii kwenye bunduki, zinaanzia kwenye gemu ya mpira. Aliyefungwa ndiye analipia mechi, na wakishawekeana hela pembeni, goli la dakika ya 90 linatosha kurushiana pedi za kuchezea. Wa GTA wanakimbizana na polisi huku wanacheka. Mtoto anaua watu kwenye skrini, sekunde hiyohiyo anamuuliza mwenzake kama kamaliza hesabu za mwalimu.

Wataalamu nao wamelipima. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walichunguza vijana wapatao 1,000 wa Uingereza wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi kuhusu tabia zao. Hawakuona kwamba wanaocheza gemu za vurugu ni wakorofi kuliko wenzao. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi wa kuzihusisha na ukatili wenyewe hautoshi, ila uhusiano mdogo upo na mambo kama kufoka na kusukumana.

Sasa huko kufoka ndiko kwako. Anza na usingizi. Bando la usiku ni la bei chee, kwa hiyo Free Fire inanoga watu wakishalala. Anayezima simu saa tisa usiku na kuamka saa kumi na moja kuwahi daladala, hata angekesha na kitabu cha bayolojia, mlango angeubamiza tu.

Halafu hela. Mle ndani ya Free Fire kuna almasi, yaani sarafu ya gemu inayonunuliwa kwa hela halisi, wananunulia mavazi na urembo wa bunduki, na asiye nazo anachekwa. Wanakopeshana. Kuna mmoja hapa, nyumbani kwao walidhani gemu imemvuruga akili, hataki kutoka nje, akiguswa kidogo anawaka. Kumbe alikuwa anamkwepa kijana mkubwa wa mtaani anayemdai. Mama yake alipolipa lile deni, mtoto akarudi kuwa mtoto. Pia msikilize akivaa spika za masikioni: kikosi ni watu wanne, na wengine ni watu wazima asiowajua, matusi ya kila aina. Hayo anayomjibu bibi, wengi wanayaokota humo.

Siitetei GTA, jamani. GTA V ya 2013 Ulaya ni ya kuanzia miaka 18, Marekani 17, na klabu za wacheza uchi zilizomo zinanitisha kuliko damu. Kwangu mtoto wa shule ya msingi haigusi, ingawa jirani yangu mwenye banda anafaidi wateja ninaowafukuza.

Na huyo aliyependekeza serikali ifanye kama China: kweli, tangu 2021 walio chini ya miaka 18 kule wanaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Lakini walichokuwa wanakipiga vita ni uraibu, si ukali.

Dada, usianze kwa kunyang'anya simu. Muulize kwanza anadaiwa na nani. Akigoma kusema, nenda banda analochezea. Mwenye banda anajua.