Kiungulia cha usiku na choo kigumu: mbona vimekuja pamoja?

SWALI: Habari mkunga. Mimba yangu ya kwanza ina wiki 31. Nikijilaza tu, kiungulia kinapanda hadi kooni. Choo nacho kimekuwa kigumu, napata siku ya tatu au ya nne. Mama mkwe anasema mtoto ana nywele nyingi, nilambe magadi. Nimeacha vidonge vya kuongeza damu nikidhani ndivyo vinavyoniunguza. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, vidonge virudie leo. Madini ya chuma huweza kusumbua tumbo na kukaza choo, na choo kuwa cheusi ni kawaida, lakini chanzo kikubwa cha shida zako kiko kwingine.

Mjamzito ana homoni nyingi ya projesteroni. Kazi yake mojawapo ni kulegeza misuli ya mfuko wa uzazi, usijikaze kabla ya wakati. Basi haichagui, inalegeza na misuli ya aina hiyo popote ilipo. Pale umio unapoingia tumboni pana msuli unaobana kama mdomo wa mfuko wa kamba. Ukilegea, asidi inapanda. Utumbo nao unasukuma chakula polepole, maji yanafyonzwa zaidi, kinachobaki kinakauka. Kisha mtoto wa wiki 31 ameshapanda juu ya kitovu, tumbo limebanwa kutoka chini, nawe unajilaza chali! Asidi haina kizuizi.

Kwa hiyo kula kidogo kidogo mara nyingi, na chakula cha usiku kitangulie kulala kwa saa mbili au tatu. Inua kichwa na mabega kwa mito, lala ubavu wa kushoto. Pilipili na vya kukaanga upunguze. Kwa choo, kunywa maji ya kutosha, kula maharage, mboga za majani na papai lililoiva, tembea. Kidonge cha chuma kikikuchafua tumbo, kimeze na chakula, ila si kwa chai. Chai huzuia chuma kufyonzwa.

Magadi sikushauri. Yana sodiamu nyingi. Waombe kliniki dawa ya kutuliza asidi inayofaa wajawazito, na uitenganishe na vidonge vya chuma kwa saa mbili hivi.

Habari ya nywele nilikuwa naicheka. Lakini mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mdogo wa Marekani, wajawazito 64 tu, na waliosumbuliwa zaidi na kiungulia walielekea kuzaa watoto wenye nywele nyingi. Watafiti walidhani huenda homoni zilezile ndizo zinazochangia yote mawili. Mama mkwe mwache afurahi, ila nywele haziunguzi mtu.

Kuna maumivu mengine yanayofanana na kiungulia nayo si kiungulia: maumivu makali chini ya chembe au chini ya mbavu za kulia. Yakija, hasa pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota, au uso na mikono kuvimba ghafla, hizo ni dalili za hatari za presha ya mimba, inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane za usiku, na ubebe kadi yako.