Ukitaka kumsuka farasi, ijue kwanza shingo yake

Wasusi wa Tanga wana mkono. Binti aliyekulia Ngamiani, akawasuka dada zake na shangazi zake kila inapokaribia harusi, vidole vyake vinagawa nywele mafungu matatu sawa bila hata kuangalia. Kwa hiyo kijana wa kwetu akinipigia simu kwamba amepata kazi ya usaisi Nairobi, Arusha au Maskati, na anauliza kama ataweza kusuka farasi wa maonyesho, namwambia ataweza bila shida. Cha kujifunza ni shingo ya farasi yenyewe, na kujua farasi gani hasukwi.

Mimi kazi hiyo niliifanyia Kenya, kwenye mabanda ya farasi ya upande wa Karen, Nairobi, nikitokea saluni. Huku pwani farasi wamekuwa adimu tangu zamani kwa sababu ya mbung'o na maradhi mengine. Hata wale farasi wawili ambao mvumbuzi wa Kizungu Henry Stanley alitoka nao Bagamoyo mwaka 1871 hawakufika mbali, walikufa mwanzo tu wa safari. Ndiyo maana mtoto wa Tanga anaweza kuwa mtu mzima hajawahi kumgusa farasi, na akisimama mara ya kwanza karibu na mnyama wa kilo mia tano akaingiwa na hofu, hakuna wa kumlaumu. Mdogo wangu, zoeana naye kabla hujashika kitana. Mpige brashi asubuhi na jioni, simama usawa wa bega lake, ongea naye. Farasi anayekujua husinzia unapomsuka.

Halafu uliza: ni wa uzao gani, na anaingia shindano gani? Farasi wa Kiarabu huonyeshwa singa, yaani nywele za shingoni, zimeachwa huru, zinaning'inia. Wale farasi wadogo wa asili ya Uingereza, kama Exmoor, nao huachwa walivyo, maana jaji anataka kuuona uzao wenyewe. Ukimsuka mmoja wao vizuri namna gani, umemharibia mwenye farasi. Friesian, wale farasi weusi wa Uholanzi, na farasi wa Kihispania mara nyingi husukwa msuko mmoja mrefu unaofuata shingo, ukiokota nywele kidogo kidogo kadiri unavyosogea. Ninaowapenda kuliko wote ni Shire, yale majitu ya kukokota mizigo. Singa zao husukwa juu ya shingo pamoja na rafia na tepe za rangi, kisha huchomekwa vishada vidogo vinavyosimama wima kwa mstari. Rafia ni ukindu wa mti mwingine tu. Aliyemsaidia bibi yake kusuka ukili wa mkeka, nusu ya kazi hiyo anayo tayari.

Lakini kazi utakayoitiwa mara nyingi ni vifundo, vile viduara vinavyojipanga shingoni kwa farasi wa Kiingereza. Singa zioshwe siku mbili tatu kabla, kwa sababu nywele zilizooshwa jana yake zinateleza na msuko haushiki. Mafuta na dawa za kung'arisha ziweke mbali kabisa na shingo. Siku yenyewe lowanisha kwa maji, au jeli kidogo. Urefu unaofaa ni kama upana wa kiganja. Wapo wanaopunguza singa kwa kuzing'oa kidogo kidogo, na ni desturi ya siku nyingi, ila mimi siipendi. Ikibidi, fanya farasi akiwa ametoka mazoezini na mwili una joto, nywele hutoka kwa urahisi zaidi. Kitana chenye wembe kinatosha kwa farasi wengi.

Gawa singa zote kabla hujasuka hata fungu moja, pima kwa kitana, kila fungu lifunge kwa rababendi. Kwa desturi ya Kiingereza idadi ya vifundo vya shingoni huwa witiri, haigawanyiki kwa mbili, na kile cha utosini ni cha ziada. Wamarekani, kwa farasi wao wa mashindano ya kuruka wanaoitwa hunter, husuka vidogo vidogo hata zaidi ya thelathini. Hapa ndipo jicho la msusi linapohitajika. Shingo fupi ipe vifundo vingi vidogo, itaonekana imerefuka. Shingo ndefu mno ipe vichache vinene. Shingo nyembamba vikalishe juu kabisa ya ukingo, nayo iliyonenepa vishushe chini kidogo. Ukifika katikati ya msuko, ingiza uzi wa rangi ya singa, maliza nao, upitishe kwa sindano butu, kunja msuko kwa ndani, kunja tena, kisha shona. Rababendi inafaa kwa mazoezi. Kwa siku ya mashindano mimi nashona.

Sasa suala la kukaza. Mteja wa saluni ukimkaza atakwambia, "Dada, unaniumiza." Farasi atatikisa kichwa, atalaza masikio nyuma, na asiyejua atasema ana kiburi. Nakumbuka jike mmoja wa rangi ya kahawia, alisukwa tangu alfajiri na mtu mwingine, akawa hagusi majani aliyowekewa. Nilipopitisha kidole chini ya vifundo niliona ngozi imevutika, imeinuka vilima vidogo kwenye kila shina. Tulifumua vitatu vya mwisho, vile vya pale shingo inapokutana na mgongo, maana hivyo ndivyo hukaza anapoinama. Akashusha kichwa papo hapo, akaanza kutafuna. Basi kila ukimaliza, mwekee majani chini na umtazame akila. Asipoinama, fumua.

Kuhusu tepe, usichague rangi kwa kuangalia uzuri peke yake. Tepe nyekundu ikifungwa juu ya mkia ni onyo kwamba farasi huyu anapiga mateke, na walio nyuma yake wakae mbali. Ya kijani ni ya farasi mchanga asiyezoea watu na makelele. Uingereza, nyeupe humaanisha anauzwa. Mtoto wa mwenye farasi akikuomba umfungie mpole wake tepe nyekundu mkiani kwa kuwa inafanana na nguo yake, mweleze kwa upole, na tepe hiyo mfungie yeye mwenyewe nywele zake.

Sindano zihesabu unapoanza na unapomaliza, zichomeke kwenye kitambaa ulichovaa kifuani, kamwe usiziweke kwenye majani anayolalia. Mashindano yakiisha, fumua siku hiyohiyo. Akilala navyo atajikuna ukutani usiku kucha, na singa zitakatika. Kata uzi kwa kifumulio, uone kwanza unachokata, kisha lowanisha singa zilale sawa. Kufumua nako ni kazi, kwa hiyo kuingize kwenye bei mnapopatana. Uliza pia unalipwa kwa farasi mzima au kwa kifundo, maana wapo wanaotaka vifundo vya Kimarekani kwa malipo ya vya Kiingereza.