Re: Mzee ana ugonjwa wa kusahau na anamiliki bunduki

Pole sana mkuu. Umeuliza kama inatosha kuficha risasi na kumwachia mzee bunduki yake kwa kuwa anaipenda. Haitoshi. Mwenye demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, anaweza kusahau kama amekula, lakini mikono bado inajua kupakia risasi, na usiku akikuona koridoni anaweza kudhani ni mwizi.

Itoke nyumbani kabisa. Ila usiibebe mwenyewe: leseni ni ya mzee, na kukutwa na silaha isiyo na kibali chako ni kosa. Nenda polisi na leseni yake, waeleze hali, waombe waje waichukue. Mzee mwambieni asubuhi akiwa ametulia. Akiridhia mwenyewe, ugomvi unapungua sana. Kagueni pia chini ya godoro na mifuko ya makoti ya zamani, risasi husahaulika huko.